Kamani Iliyokatwa

Fundi yeyote atakwambia kwamba kuunganisha chombo alichokifungua mwenyewe ni kazi ya saa moja, bali kuunganisha chombo kilichofunguliwa na mtu mwingine ni kazi ya juma zima. Aliyekifungua alijua kwa nini alianza na parafujo hii akaiacha ile. Sisi tunaokuja nyuma yake twakuta vyuma tu, navyo havisemi. Na ikiwa mtu huyo amekwisha kufa, tena alikifungua usiku, mwenye hofu, basi hapo fundi na avute subira.

Kazi yetu ni ualimu, wala si uhunzi. Lakini zamani tukiwa seminarini alikuwako mzee mmoja aliyetunza saa za nyumba, naye alitufundisha kutandaza kitambaa cheupe mezani na kupanga kila kipande kwa zamu yake, cha kwanza kutoka kiwe cha mwisho kurudi. Kwa ajili hiyo majirani zetu wa Kindu hutuletea saa, redio na cherehani. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, akaja mzee mmoja wa mtaani na bati la biskuti kwapani.

“Mwalimu, nimekuletea mashine.”

“Ya kushona, Mzee?”

“Tazama mwenyewe.”

Ndani ya bati, katika kitambaa kilichokauka kwa mawese, mlikuwa na bastola iliyofunguliwa vipande vipande. Mpini ulikuwapo, na mtutu wake mfupi. Kifuniko cha chuma kinachoteleza juu ya mtutu kilikuwapo. Na parafujo moja, na kibao kimoja cha mpini, na kipande cha kamani, au risori kama wasemavyo mafundi wetu hapa. Kasha la risasi halikuwapo. Tulipotazama ndani ya mtutu hatukuona mwanga, maana kutu na mafuta ya miaka mingi vilikuwa vimeuziba.

Mzee alitaka jambo moja tu, bastola ya marehemu baba yake iwe nzima tena kabla yeye mwenyewe hajamfuata. Kabla ya kugusa kipande hata kimoja tulimwambia kwamba njia ya kwanza haiendi kwenye meza yetu, inaenda serikalini. Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo iliyoweka utaratibu wa silaha na risasi katika nchi yetu, nayo humtaka mtu awe na kibali. Mzee akakasirika kidogo. Akasema hicho si silaha, ni ukumbusho. Tukamjibu kwamba askari aliye kizuizini usiku haiulizi bastola umri wake. Watu wa Kindu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu Oktoba 1998, mji ulipotwaliwa na RCD, mpaka amani ya mwaka 2003, nyumba ngapi zilipekuliwa kwa sababu ya neno moja la jirani?

Basi tulikwenda naye. Ofisa aliyetupokea alitazama ndani ya bati kwa muda mrefu, kisha akasema, “Sisi hatuandiki vyuma, twaandika silaha. Jina la kiwanda silioni, namba siioni. Isafisheni, mniletee ikiwa nzima nipate kuisoma.” Akatupa karatasi yenye muhuri na siku thelathini. Ndivyo kazi ilivyoanza, kwa ruhusa na kwa muda uliopimwa.

Hatutaeleza hapa hatua moja moja za kuunganisha silaha. Gazeti la jamaa si mahali pake. Lakini kusafisha twaweza kusimulia. Mawese ni mafuta mema, nayo yalikuwa yameilinda ile bastola kuliko tulivyotazamia. Ila yakikaa miaka sitini hugeuka kuwa kama gundi ya mti. Tulivilaza vyuma katika mafuta ya taa siku nne, tukavisugua kwa mswaki wa meno na kijiti cha mwanzi, kamwe si kwa msasa, maana msasa hula maandishi pamoja na kutu. Siku ya tano herufi zikaanza kuonekana ubavuni mwa kifuniko, kwanza HERSTAL, kisha LIEGE, kisha BROWNING'S PATENT, na mwisho herufi nne, S.G.D.G. Mjukuu wa mzee, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kila jioni kutusaidia, alidhani ni alama ya jeshi. Kumbe ni maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba serikali imeandikisha uvumbuzi huo bila kuwa mdhamini wake. Yaani serikali inasema, nimesikia kwamba umebuni kitu, lakini kama hakifanyi kazi usinililie.

Ilikuwa bastola ya Browning ya mfano wa mwaka 1900. Kiwanda kilichoitengeneza, Fabrique Nationale, kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, ili kuipatia serikali ya Ubelgiji bunduki 150,000 za namna ya Mauser. Baada ya kazi hiyo kiwanda kilihitaji kazi nyingine, kikajitia hata katika baiskeli. Mwaka 1897 mjumbe wake alikutana huko Marekani na John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa mji wa Ogden, nao wakapatana. Mwaka 1899 bastola za kwanza zikatoka. Mwaka 1900 jeshi la Ubelgiji likaichagua kwa maofisa wake. Na kabla ya Vita Kuu kiwanda kilikuwa kimetengeneza yapata 700,000 za mfano huo mmoja. Browning mwenyewe alifariki tarehe 26 Novemba 1926 kule kule Herstal, ndani ya kiwanda. Jina lake lilienea mno hata watu waliosema Kifaransa wakaita bastola yoyote ya namna hiyo “browning”, kama sisi tunavyoita wembe wowote kwa jina la kiwanda.

Jambo alilolifanya mtu huyu lastahili kuelezwa, maana ni la akili nyingi, hata kama matunda yake si mazuri. Katika bastola za zamani zenye gurudumu la risasi, nguvu ya kidole cha mtu ndiyo iliyolizungusha gurudumu. Browning alitazama nguvu iliyokuwa ikipotea. Risasi ikitoka, baruti ile ile inayoisukuma mbele hulisukuma ganda lake nyuma. Ganda husukuma kifuniko, kifuniko hurudi nyuma na kulitupa ganda, kisha kamani hukirejesha mbele, nacho njiani huchukua risasi mpya kutoka katika kasha lililo ndani ya mpini, lenye nafasi ya risasi 7. Kidole kikivuta mara moja hutoka risasi moja. Mpaka kivute tena. Ndiyo maana huitwa bastola ya nusu-otomatiki.

Na katika mfano wa mwaka 1900 kuna jambo moja lisiloonekana katika bastola nyingine nyingi. Kamani yake hukaa juu ya mtutu, nayo hufanya kazi mbili. Hurejesha kifuniko, tena, kwa msaada wa wenzo mdogo, huisukuma sindano inayogonga fataki. Bila kamani hiyo bastola ni nyundo tu, tena nyundo mbaya.

Hapo ndipo tulipokwama. Kamani iliyokuwamo katika bati ilikuwa fupi mno, haikufika hata nusu ya nafasi yake.

“Mwalimu,” akasema yule kijana, “mbona kwa mafundi wa pikipiki mna risori za kila namna? Kesho nakuletea tano.”

Tulimwuliza ataka ifanye nini. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema wezi wa usiku siku hizi hawaogopi mbwa wala kelele. Babu yake hakusema neno. Tuliona kwamba katika nyumba ile watu wawili walikuwa wakitamka neno moja, “nzima”, kila mmoja kwa maana yake.

Tukamwuliza mzee vipande vingine viko wapi. Ndipo alipotusimulia. Baba yake alikuwa karani wa reli. Julai 1960 Mbelgiji mmoja wa reli aliondoka kwa haraka, akamwachia sanduku la vyombo, na chini ya vyombo mlikuwa na bastola. Kwa muda wa miaka minne haikutoka sandukuni. Julai 1964 Wasimba wakaingia Kindu, na tarehe 5 Novemba mwaka huo huo mji ukatwaliwa tena na majeshi ya serikali pamoja na mamluki. Kati ya tarehe hizo, kuwa karani tu kulitosha kumtia mtu mashakani, na baada yake kuwa kijana mwanamume tu kulitosha. Bastola katika nyumba ingekuwa kifo kwa upande wowote. Basi usiku mmoja baba yake aliifungua, akavigawa vipande. Vingine aliviweka katika paa, vingine akavizika katika mtungi wa unga, na vingine akampa bintiye mkubwa avivushe mto, kwa mama mkubwa. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka saba. Alikumbuka tu mlio wa chuma katika giza.

Bintiye yule bado yu hai, anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Tangu walipomzika baba yao, ndugu hawa wawili hawakuwa wakitembeleana ila msibani. Mzee alisema mengi kuhusu sababu, nasi hatutayaandika. Kila jamaa ina kiwanja chake. Tulimshauri amwendee. Alikataa. Siku kumi na mbili za karatasi yetu zilikwisha kupita. Mwisho tulikwenda sisi na yule mjukuu, tukavuka Lualaba kwa mtumbwi asubuhi na mapema, kabla ya upepo.

Mama yule alitupokea vizuri sana mpaka tulipotaja shauri letu. Ndipo akatia mikono yake katika kanga.

“Mdogo wangu ameanza kuzeeka vibaya,” akasema. “Kitu kile kilitawanywa na wenye akili. Anakikusanya kwa nini?”

Tulimweleza habari za ofisi na karatasi, kwamba vipande vilivyofichwa bado ni silaha iliyofichwa, na kwamba siku akifa mtu atavikuta asiyejua vilikotoka. Alisikiliza. Kisha akamwuliza mjukuu, si sisi, “Wewe, mwanangu, nawe wakitakia nini?” Kijana akainama. Bibi hakumwongezea neno. Aliingia ndani akakaa muda mrefu, akatoka na mfuko wa kitambaa cha bluu. Mlikuwa na kasha la risasi, tupu, na kipande cha pili cha kamani. “Nitakwenda nanyi,” akasema. “Vitu hivi sivipeleki kwa mkono wa mtu mwingine mara ya pili.”

Alikuwapo mezani kwetu mchana huo, pamoja na mdogo wake, na fundi mmoja mstaafu wa karakana ya reli tuliyemwita atutengenezee parafujo iliyopotea. Fundi alivichukua vile vipande viwili vya kamani, akavisogeza karibu na dirisha, akavigusisha ncha kwa ncha.

“Hii haikuvunjika,” akasema. “Kamani ikichoka hukatika kwa mshazari, na mahali pake huwa na chembechembe. Hii imebonyea. Imepigwa tindo.”

Mzee akasema haiwezekani. Baba yake aliipenda mno bastola ile hata asingeiharibu. Dada yake ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu atajaye bei ya mihogo, “Aliyeikata si Baba. Ni Mama.”

Akatueleza. Baba alikuwa amesema ataitumia kulinda nyumba. Mama akamjibu kwamba bastola moja hailindi nyumba, inaita askari. Baba alipokubali kuifungua alisema ni kwa muda tu, akiisha kupita mtu huyu ataiunganisha. Basi alipopanda darini kuficha mtutu, Mama alichukua tindo lake mwenyewe la reli, akaiweka kamani juu ya jiwe la kusagia, akaikata, akaitia nusu katika mfuko wa binti. Akamwambia asiseme. Baba alifariki bila kujua. “Nami sikusema,” akasema bibi, “mpaka leo, maana hapakuwa na mtu wa kuiunganisha.”

Hakuna aliyenena kwa kitambo. Kisha mzee akauliza swali ambalo labda alikuwa nalo tangu siku ya kwanza: je, bastola hii imepata kuua mtu? Hatukuwa na jibu. Mtutu haukumbuki. Huko Maniema, kabla ya utawala wa Wabelgiji kukaa sawasawa, vita vya Nyangwe na Kasongo vya mwaka 1893 vilipiganwa kwa bunduki za kila namna. Nao Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikuwa umekwisha kuzuia silaha za kisasa katika nchi zilizo kati ya mstari wa 20 kaskazini na wa 22 kusini, ukaacha njia kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo mtutuni. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na Maniema ilikuwa na machozi ya kutosha kuishuhudia sababu hiyo. Lakini kwa makumi ya miaka matokeo yake yalikuwa kwamba mwenyeji alishika gobori na mtawala alishika browning. Huenda mwenye bastola ile aliivaa kiunoni miaka yote asiifyatue. Kuonekana kwake kulitosha. Nako huko kuonekana twakuhesabuje?

Tulimsimulia habari za ndugu mmoja wa bastola yake, ambaye matendo yake yajulikana. Kiwanda kile kile, na kwa akili ya mtu yule yule, kilitoa mfano mwingine mwaka 1910. Tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, kijana aitwaye Gavrilo Princip alimpiga Mtawala Mtarajiwa Franz Ferdinand na mkewe Sophie kwa bastola ya mfano huo. Padre Anton Puntigam, Mjesuiti, aliyewapa sakramenti ya mwisho, ndiye aliyekuja kupewa silaha za siku ile, akazihifadhi. Na mwaka 2004 Wajesuiti wa Austria waliziacha katika jumba la makumbusho ya vita la Vienna. Vita iliyofuata ilifika mpaka kwetu. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokwisha mwaka 1910, na ile ya Kabalo hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915, ziliunganisha mto na Ziwa Tanganyika. Askari wa Kongo wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi wasiohesabika, wengi wao wasirudi. Mzee akasikiliza yote akasema, “Basi hata ile ya wenyewe imewekwa bila kutumika.” Tukasema ndiyo.

Fundi wa reli alikuwa amenyamaza. Alijua kusokota kamani mpya. Alikuwa na waya wa kufaa, nasi tuliuona katika mfuko wake. Alimtazama mzee, mzee akamtazama dada yake. Yule kijana alikuwa ameketi kizingitini, mgongo ametupa sisi. Mzee akamwita kwa jina, akamwuliza, “Wasemaje, mwanangu? Wewe ndiwe utakayerithi.” Kijana alikaa kimya, kisha akasema, “Mama mkubwa wa Babu... hapana, mama yake Babu... alikwisha kusema.” Akachanganya majina ya ukoo hata bibi akacheka, naye ndiye aliyecheka peke yake.

Basi tulichonga kijiti cha mti mgumu, urefu wa kamani, chenye tundu katikati la kupitisha ufito wake, tukakitia mahali pa kamani. Vipande vikakaa barabara, wala kifuniko hakikulegea. Fundi akatoa parafujo ya shaba, akaikaza kwa bisibisi ya saa. Kibao cha pili cha mpini tulikichonga kwa mti pia, tukaacha kikiwa kitupu, maana kile cha asili kina picha ya bastola yenyewe, ndogo kama ukucha, nasi hatukuona haja ya kuichora tena. Namba ilisomeka vizuri chini ya mwanga wa dirisha. Siku ya ishirini na sita tuliipeleka.

Ofisa alisoma namba, akaiandika. Alijaribu kuvuta kifuniko, hakikwenda. Tukamwonyesha kijiti kwa tundu la mbele, akacheka, akaandika mbele ya namba: haifyatuki. Alituuliza kamani halisi iko wapi. Bibi akafungua kanga yake, akamwonyesha nusu mbili juu ya kiganja, akamweleza nani aliyeikata na mwaka gani. Yule ofisa alikuwa kijana. Hakuzaliwa mwaka 1964, wala huenda baba yake. Akamrudishia, akisema hazina pahali pa kuandikwa katika daftari.

Bastola ilibaki ghalani mwa ofisi. Mzee alipewa stakabadhi, akaiweka katika lile bati la biskuti, pamoja na nusu moja ya kamani. Nusu ya pili alikwenda nayo dada yake, naye mdogo wake alimsindikiza mpaka gatini, akamlipia mtumbwi.